Shamba Tuliloliruka

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano, mwanangu. Mvua ilitukimbia msimu mzima, tukala unga wa msaada ulionuka gunia, na ndizi tukazikata kabla hazijanenepa, tukazipika na maganda yake. Usinicheke. Tumbo lenye njaa halichagui. Kwa hiyo mvua iliporudi, kila mtu hapa Kebirigo alikuwa na haraka na wimbi lake, ule ulezi wa uji wetu.

Tulikuwa wanawake saba katika egesangio, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, mpaka mashamba yote yaishe. Sote tulikuwa wa kanisa moja, linaloshika Sabato. Mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo, na nilisifiwa sana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Kerubo, mjane mwenye watoto watatu. Mwanamke yule alipalilia kwangu kama anapalilia kwake. Mgongo haukunyooka mpaka mstari uishe.

Lakini wimbi halingojei zamu. Magugu yalikuwa yanammezea lake. Jumatatu hadi Ijumaa yuko kwetu, Jumapili anachuma majani chai ya watu apate chumvi. Ikabaki siku gani? Jumamosi moja natoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, nikamwona ameinama shambani mwake anang'oa magugu kwa mikono. Jembe hakuchukua, asisikike.

"Kerubo! Leo Sabato?"

"Moraa, nyamaza tu. Nikiokoa hiki kipande nitatubu."

Sikunyamaza. Nilirudi kanisani mbio kama mtu aliyeona moto. Wazee wakamtenga. Na sisi wanawake tukakubaliana, mkono wangu ukiwa wa kwanza juu, kwamba hatulimi na mwasi. Zamu yake ilipofika tukaliruka shamba lake. Tulipita kando yake tukiimba, mwanangu. Tukiimba! Naye alikuwa ametupikia uji, sufuria nzima, kwa unga wa watoto wake. Akasimama pale na kata mkononi.

"Nimewalimia nyote sita," akasema. "Mikono yangu mmeila, sasa mnaniambia ni michafu?"

Tukaendelea na wimbo wetu. Jioni mama mkwe wangu, ambaye hata kubatizwa hakubatizwa, akaniuliza, "Mke wa mwanangu, huyo Yesu wenu huwa anapita shamba la mjane akiimba?" Nilimdharau moyoni nikamwita mpagani. Kumbe siku ile ndiye peke yake aliyeuliza swali la Kikristo.

Wimbi la Kerubo lilikufa. Binti yake mkubwa akatolewa shule, akapelekwa Kisii mjini kulea watoto wa watu. Mwaka uliofuata nilimpelekea mkungu wa ndizi nimwombe msamaha. Aliupokea vizuri, akashukuru, akampa mbuzi wake aule mbele ya macho yangu. Kanisa hakulikanyaga tena mpaka alipokufa. Husemwa majuto ni mjukuu. Yangu yameota mvi.

Sasa juzi wamekuja kwangu akina mama wa kikundi cha siku hizi. Wamekalia viti vyangu, wamekunywa chai yangu. Nyaboke, mjane wa hapo chini, ana mimba, na mume yuko kaburini mwaka wa pili. Zamu ya kupalilia mahindi yake ni Jumatatu. Wanataka aachwe mpaka asimame kanisani amtaje huyo mwanaume. Mwenyekiti wao akaniambia kwa sauti ya asali, "Bibi, wewe ndiye mkubwa wetu. Tufungulie kwa maombi, ndipo tuamue."

Nikasema, "Maombi hayo sifungui. Jumatatu niko kwa Nyaboke na jembe."

Mmoja akacheka. "Na mgongo huo, bibi?"

Nikamwondolea kikombe. Nyani haoni kundule, lakini la huyo mimi nililiona tangu akiwa msichana.

Sikiliza basi, mwanangu. Kumfuata Yesu si koo zuri wala kitambaa cheupe. Ukila jasho la mtu, zamu yake ikifika nenda, hata kama amekosa. Amekosa? Nenda mapema zaidi. Dhambi yake mwachie Mungu, magugu yake ng'oa wewe. Na usipande ngazi ya utakatifu kwa kukanyaga kichwa cha jirani; mimi niliipanda, na huko juu sikumkuta Mungu. Yeye akupe mikono isiyochagua shamba, na akunyime zile sifa nilizopewa mimi.

Kesho wanarudi, mzee wa kanisa akiwa mbele. Wametuma mtu aniambie nijiandae. Nimejiandaa. Atanikuta mlangoni, na hata chai safari hii sitapika. Nitamwambia yale yale: "Maombi hayo sifungui. Jumatatu niko kwa Nyaboke na jembe."