Pikipiki ya Kazini na ya Safari

Nilihitaji pikipiki moja tu, lakini kwa miezi kadhaa nilihangaika kama mtu anayetafuta mbili. Nilikuwa muuguzi katika kituo cha afya Mbalizi, nikiishi Ilomba, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka jiji zima nikipenya kati ya bajaji na malori yanayokwenda mpakani. Kwa kazi hiyo ilifaa pikipiki nyepesi. Lakini baba yangu alikuwa Ipogolo, Iringa, peke yake tangu mama afariki, na kila mwisho wa mwezi nilitaka kwenda kumwona bila kungoja basi. Kwa safari ile ilitakiwa yenye nguvu.

"Sista, leo umekuja mara ya nne," fundi wa Mbalizi, ambaye pia huuza pikipiki zilizotumika, aliniambia. "Ukipanda ndogo unaiona ndogo. Ukipanda kubwa unaiona kubwa. Mimi nikuuzie nini?"

Nilizunguka tena pikipiki zake, nikabonyeza viti, nikaondoka.

Daktari wa kituo chetu alikuwa na kubwa, akaniazima wiki nzima nijaribu. Barabarani ilikuwa raha, lakini kwenye foleni injini ilinichoma mapaja, na siku ya tatu, kwenye mteremko wa matope karibu na nyumbani, mguu wangu haukufika chini. Ikalala, nami nikalala nayo. Kina mama wawili waliotoka sokoni wakatua ndizi zao, tukainyanyua watu watatu.

"Dada, hii siyo pikipiki," mmoja alisema akijifuta mikono. "Hili ni dume la ng'ombe."

Nikairudisha. Kisha nikaazima ndogo kwa fundi na kuondoka nayo alfajiri kwenda Iringa, nikijiambia kwamba ikifika, nitainunua na kutulia.

Hadi Igurusi mambo yalikuwa mazuri. Baada ya hapo barabara ikanyooka kwenye bonde la Usangu, na kila lori lililonipita lilinisukuma kwa upepo wake hadi ukingoni. Karibu na Chimala nilisimama kupisha ng'ombe waliokuwa wanavuka, nikagundua kuwa mikono imekakamaa, haitaki kuachia usukani. Kupanda kutoka Igawa nilishusha gia hadi ya tatu, kisha ya pili, huku basi likinipigia honi nyuma. Mafinga nilipita kwenye ukungu wa misitu ya misonobari, meno yakigongana. Ila ilifika.

Baba alitoka taratibu. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, kwa hiyo kabla hajanitazama mimi alitazama tairi.

"Kamwene, baba," nilimsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene. Umetoka Mbeya na hiki?"

"Nimetoka nacho."

Alicheka, akanyoosha mkono wa kulia kunipokea. Wa kushoto ulibaki umening'inia; kwa macho ya muuguzi nilijua ni kiharusi. Ndani nilikuta sufuria zimeungua na ugali umekaukia sakafuni. Alikuwa anasonga kwa mkono mmoja, na kwenye simu hakuwahi kuniambia.

Nilijiandaa kubishana naye hadi jioni. "Baba, twende ukakae kwangu."

"Haya," alisema.

Wiki iliyofuata alishuka Mbeya na begi moja na redio. Tukaanza mazoezi ya mkono wake. Safari ya Iringa ikawa imekwisha, na kwa hesabu yoyote, pikipiki ndogo ilinitosha. Nilikuwa nimeshairudisha kwa fundi, nikaenda kuinunua. Nilikaa juu yake, nikashika klachi, nikashuka, nikamwambia nitapita kesho. Sikupita.

Siku moja nilikuwa jikoni, baba amekaa kwenye kigoda akimenya viazi polepole.

"Mbona hununui?"

"Bado naangalia."

"Mimi niko hapa. Iringa unamfuata nani?"

Nilikoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kwa mara ya kwanza nilijikubalia kwamba hata wakati ule sikuwa nakwenda kwa ajili yake peke yake. Wiki ikifika Alhamisi, nilikuwa siwezi kukaa kwenye kiti kwa kuitamani barabara.

"Kuna siku hapakuwa na mzigo," baba alisema bila kuinua kichwa. "Nilimwambia mama yako nimeitwa kazini. Sikuitwa na mtu."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Naendesha tu. Nafika Makambako, nakunywa chai, nageuza."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Niliikumbuka siku niliyougua surua, mama akinibeba mgongoni hadi hospitali kwa miguu kwa sababu baba yuko safarini. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Najua," alisema. "Mama yako alijua pia. Hakuniuliza hata siku moja, na mimi sikumwambia." Kisu kilikuwa kimesimama juu ya kiazi. "Wewe ukienda, sema."

Nilinunua ya kati. Fundi alishusha kiti kidogo, akafunga keria nyuma. Kwenye foleni bado ni nzito na kwenye mlima wa Igawa labda itaguna, lakini kwenye ule mteremko wa matope miguu yangu yote miwili inafika chini.

Jumamosi ya kwanza nilivaa koti, nikamwamsha.

"Baba, nakwenda Chunya. Sina shughuli yoyote huko. Nitarudi saa tisa."

"Tairi la nyuma ongeza upepo," alisema, akageukia ukutani.

Nilipita vilima vya njia ile na baridi yake, nikala wali na maharage Chunya, nikageuza. Mvua ikanizuia kibandani njiani, simu haina mtandao, nami nikawa nasimama na kukaa, nasimama na kukaa. Nilifika nyumbani saa kumi na moja.

Alikuwa amesimama barabarani, koti limelowa, ameshika mkono wake mbovu kwa ule mzima.

"Ulisema saa tisa," alisema.

"Nisamehe, baba."

Aliitikia kwa kichwa, akatangulia ndani kupasha chakula.