Moshi wa Bluu Njia ya Bogoro

Gari la kaka yangu lilikuwa dogo kama kiatu, lakini injini yake ilikuwa na turbo ya kuipulizia hewa ipate nguvu zaidi, na kwa sababu ya hiyo turbo alijiona rubani.

Fundi wa mtaani kwetu hapa Bunia alimwonya mapema. Turbo inazunguka kwa kasi kwenye moto mkali, na inaishi kwa mafuta ya injini. Ukishapanda mlima, usizime mara unaposimama. Iache ingurume kidogo, ipoe. Ushauri mzuri sana, kwa nchi isiyo na bariere. Vita vilikuwa vimenyamaza, lakini juu ya vilima bado kulikuwa na bariere hizo, kamba katikati ya njia, na askari wa kukuamuru uzime papo hapo. Nani angebishana na mwenye bunduki juu ya turbo? Kaka alizima kila mara, injini ikichemka, nami nikamsifu kwa adabu yake.

Moshi wa bluu ulipoanza kutoka nyuma, dalili kwamba turbo inavujisha mafuta, tuliongeza mafuta ya injini tu. Tulikuwa na haraka kwa sababu ya baba. Tulikimbia kutoka Bogoro pamoja naye wakati wa vita, na tangu njia ifunguliwe aliomba jambo moja: aone kaburi la mama kule.

Tuliondoka Jumapili baada ya ibada, baba amevaa koti lake zuri. Tulipopita bariere ya mwisho gari likapiga mluzi, likaishiwa nguvu, likajaza njia moshi, likakataa kabisa. Mabati ya Bogoro tulikuwa tunayaona. Baba akafungua mlango.

“Iko tu pale,” akasema. “Twende na miguu.”

Kaka akasema tukiliacha gari peke yake wezi watalifungua vipande vipande. Nikamuunga mkono.

“Tutarudia siku ingine, papa,” nikamwambia.

Baba akarudi kukaa, akavua koti, akalikunja magotini. Lori likaja kutuvuta hadi mjini.

Turbo nyingine ilichelewa kufika kutoka Kampala. Ilipofungwa, mapigano yalikuwa yamerudi upande ule na njia haikupitika. Baba tulimzika hapa Bunia, mbali na mama.

Siku hizi najua habari za turbo kuliko ninavyopenda, na yeyote akiniuliza nitamweleza vizuri. Lakini roho bado inaniuma. Siku ile tulikuwa wawili, mimi na kaka. Mmoja angebaki kulinda gari, mwingine angemshika baba mkono hadi kaburini.