Mikono ya Mukundwa Mbele ya Kamera

Benitha alizaliwa Bukavu, akavuka mpaka na wazazi wake kurudi Rwanda akiwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo hajahama mji wa mpakani wa Kamembe. Siku hizi ana sekretariati ndogo karibu na kituo cha mabasi: chumba kimoja, kompyuta tatu, printa, na benchi la watu wanaongoja barua zao kuchapwa. Kompyuta zote tatu zinatumia mfumo wa Linux, si Windows. Si kwamba alisomea mambo hayo. Kuna wakati flash za wateja zilimletea virusi kila wiki, mpaka siku moja kazi ya mwezi mzima ikafutika. Ndipo Papa Murhula, fundi wa Bukavu aliyekuwa jirani yao zamani, alipomwekea Linux, akamwambia, "Maman, hii, virusi ya hapa haiizoee. Lakini itabidi ujifunze kuiandikia amri." Akajifunza, polepole, huku akilalamika.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa tatu asubuhi, aliingia msichana aliyevaa gauni la kitenge lililoshonwa vizuri mno. Hakusalimia kwa sauti. Aliinama kidogo, akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa:

"Naitwa Mukundwa, natoka Gitambi. Mimi ni kiziwi. Saa nne nina mazungumzo ya video na shule ya watoto viziwi. Wanatafuta mwalimu wa ushonaji. Simu yangu ilianguka, kamera yake imekufa. Kamera yako inafanya kazi?"

Benitha aliandika chini yake: "Inafanya. Karibu ukae." Aliandika bila wasiwasi, kwa sababu wiki mbili nyuma aliitumia kamera hiyohiyo kupigia watu picha za paspoti.

Akafungua ukurasa ambao shule ilikuwa imemtumia Mukundwa. Maandishi yakatokea: hakuna kamera iliyopatikana.

Akaichomoa kamera, akaichomeka tena. Hakuna. Akazima kompyuta, akaiwasha. Hakuna. Akajaribu kuichomeka kwenye tundu lililo jirani na lile la kwanza. Yaleyale. Spika na maikrofoni vilikuwa vizima kabisa, na kama angekuwa mteja mwingine, Benitha angemwambia aongee tu, picha watatafuta baadaye. Kwa huyu haingewezekana. Na simu yake mwenyewe, ile kubwa, hakuwa nayo. Mume wake, Gratien, alikuwa ameondoka nayo alfajiri kwenda Bukavu, yeye akabaki na kitochi, simu ndogo isiyo na kamera.

Mukundwa alikuwa amesimama nyuma yake. Aliyasoma yale maneno ya kwenye skrini, akaitazama saa ya ukutani, halafu akaenda kuketi kwenye benchi na kuufumbata mkoba wake. Benitha akachukua kitochi, akampigia Murhula.

"Papa Murhula, unisaidie. Niko na muntu hapa, saa ine anaongea na shule kwa video. Kamera haionekane."

"Umefanya nini?"

"Nimetoa, nimerudisha, nimezima mashini. Bure."

"Ngoja. Acha kugusagusa. Fungua ile ukurasa mweusi ya amri, andika lsusb. Soma bintu yote inatoka."

Benitha aliandika, akasoma kwa kidole majina ya kibodi, kipanya na printa. "Klaviye. Souris. Imprimante. Ni hayo tu."

"Kamera haiko?"

"Haiko."

"Basi shida si ya ile ukurasa ya shule. Ordinateri yenyewe, ile mashini, haiione. Umeichomeka wapi?"

"Kwa ile kisanduku ya matundu ine, pamoja na imprimante. Niliinunua wiki ile ingine."

"Itoe pale! Ile kisanduku inagawanya umeme, kamera inabakia na njaa. Ipeleke nyuma ya mashini, moja kwa moja."

Benitha akapiga magoti, akaingia chini ya meza pamoja na vumbi na nyaya, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega. Alipapasa nyuma ya kompyuta mpaka akapata tundu lililo wazi, akachomeka. Akatoka, akaandika tena amri ileile. Mstari mpya ukatokea, na jina la kamera ndani yake.

"Iko! Iko, Papa!"

Mukundwa hakusikia, lakini aliuona uso wake, akasimama.

Ili kuhakikisha, Benitha alifungua programu ya kupigia picha za paspoti. Akajiona mwenyewe, utando wa buibui kwenye nywele. Akaifunga upesi, akarudi kwenye ukurasa wa shule. Sasa uliandika kitu kingine: kamera inatumiwa na programu nyingine.

"Mungu wangu. Inasema iko inatumiwa."

"Ulifungua nini?"

"Ile ya picha. Lakini nimeifunga."

"Umefunga dirisha tu, yenyewe bado inakimbia kule chini, imeshikilia kamera. Andika fuser, uache nafasi, halafu /dev/video0. Itakupa namba ya ile programu."

"Elfu ine mia moja makumi mbili na saba."

"Andika kill na ile namba, itazimika. Halafu fungua tena ukurasa."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Benitha aliandika, akabonyeza, akafungua ukurasa upya. Taa ndogo ya kamera ikawaka, na skrini ikajaa sura yake, nyuma yake ukuta wa bluu na kalenda. Akatoka kwenye kiti, akamshika Mukundwa mabega na kumleta mbele.

Upande wa pili alitokea mama mwenye miwani, akapunga mkono. Mukundwa akapunga. Kisha akarudi nyuma hatua mbili ili mikono yake yote ionekane, na Benitha akasogeza benchi kumpisha. Mikono ikaanza kusema. Benitha hakuelewa hata neno moja, lakini aliona namna msichana yule aliyekuwa ameketi kimya kwenye benchi alivyobadilika: mabega yalifunguka, nyusi zikapanda, akacheka, akauliza, akabisha. Akatoa mkobani mkono wa shati ambao haujamalizwa, akaupindua mbele ya kamera kuonyesha mshono wa ndani. Mama wa miwani akasogea karibu na skrini yake kutazama.

Ilichukua zaidi ya nusu saa. Mwishoni yule mama aliinua mikono yote miwili juu na kuitikisa hewani, jinsi viziwi wanavyopiga makofi, na wenzake wawili wakatokea pembeni wakifanya vilevile.

Mukundwa alipogeuka, macho yalikuwa na machozi. Alitafuta kalamu, akaandika kwa haraka mpaka karatasi ikachanika kidogo: "Wamenichukua. Naanza mwezi wa tatu."

Benitha alimkumbatia. Kisha akaketi sakafuni, anacheka peke yake. Kitochi kikalia.

"Ilikubali?" aliuliza Murhula.

"Ilikubali, Papa. Na wao wamemukubali."

"Aksanti Mungu. Nilikuwa naogopa kuliko weye."

Mukundwa alikunja ile karatasi, akaitia mkobani, akatoka nje kutafuta pikipiki ya kumrudisha Gitambi, kwa mama yake, ambaye alikuwa bado hajui lolote.