Chumba cha Mzazi

Kaka yangu alirudi alfajiri akichechemea, mabega yamechubuka kwa mizigo ya jeshi la Wajerumani. Alikuwa ametoroka safari ya wapagazi. Mtoro akikamatwa alichapwa viboko mbele za watu, kisha akarudishwa vitani hata kama hawezi kusimama.

Nilikimbilia kwa mwalimu wa misheni kumwomba amfiche. Wala sikuwa na hofu. Nilikuwa msichana wa kuota mchana, na Jumapili iliyopita alikuwa amehubiri juu ya kumpokea mgeni hadi kina mama wakatoa machozi, mimi wa kwanza. Alinisikiliza, akaniwekea mkono kichwani, akaomba. Maombi mazuri jamani, hadi leo nayakumbuka. Kisha akasema chumba cha kanisa ni cha misheni, si chake, nisubiri kwanza aulize.

Nikarudi mbio. Vumbi la askari lilikuwa tayari linaonekana upande wa kisimani.

Jirani yetu alikuwa mzazi, amejifungua juzi, yuko chumba cha ndani cha tembe yake, nyumba ya paa bapa la udongo. Kwetu mwanamume haingii humo mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Akiingia, mtoto hunyauka. Naye aliliamini hilo kuliko sisi sote, maana alikwisha kuzika wawili. Katika mikutano ya kijiji hakuwahi kufungua kinywa. Alichungulia, akamwona kaka ameegemea ukuta.

"Wanakuja?"

"Wanakuja, mama."

"Mwingize. Alale nyuma yangu."

Akamfunika ngozi, akampakata mtoto. Mtoto akaanza kulia.

Askari, mtu wa mbali, alipekua vihenge vya nafaka, akapanda hata juu ya paa, kisha akausogelea mlango ule. Mtu wa jumbe aliyemwongoza akamzuia.

"Bwana, humo kuna mzazi. Ukiingia, ingia peke yako."

Askari akacheka, akauliza kama huku wanaume wanaogopa vichanga. Yule mtu wa jumbe akarudi nyuma hatua mbili. Askari akasimama pale mlangoni, mwisho akatema mate akaondoka.

Giza lilipoingia kaka akashika njia ya kwa wajomba, upande wa Kondoa. Alitaka kumshukuru yule mama, mama akamkatiza: "Nenda, baba. Nataka kumsikiliza mtoto anavyopumua."

Jumapili mwalimu alimshukuru Mungu kwa kuokoka kwa kijana wetu, kwa maneno matamu vilevile. Sikungoja amalize. Nilikwenda kwa mzazi, nikashinda naye siku ile na zilizofuata. Mtoto akikohoa, tunatazamana. Kitovu kilipodondoka alikifukia mwenyewe, akanipa mtoto, ndipo akalala.