Kokoto Hazipakwi Chokaa

Kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupata shuleni nilikipata siku ambayo sikuwa natania. Niliwaambia wanafunzi wenzangu, wakiwa wamesimama na ndoo za chokaa mikononi, kwamba zile kokoto wanazotaka kuzipaka zina wadudu hai, wadogo kuliko vumbi, na kazi ya wadudu hao ni kugeuza mkojo wa samaki uwe mbolea ya mboga. Watu walicheka mpaka kiranja wa mazingira akakalia ndoo yake. Mpishi alitoka jikoni na mwiko kuja kuuliza kuna nini.

Siwalaumu. Tangu kidato cha kwanza mimi ndiye mtu wa kuchekesha hapa shuleni. Naigiza walimu. Makamu mkuu wetu hukohoa mara mbili kabla ya kusema "kwa hiyo", na mimi nilikuwa nakohoa kama yeye, mpaka siku moja darasa zima likasimama kwa heshima. Nikafurahi sana kwa jinsi nilivyopatia kumwigiza. Kumbe alikuwa nyuma yangu. Adhabu yake ikawa mwezi mzima wa kulisha samaki.

Samaki hao tuliachiwa na mwalimu wetu wa biolojia. Alikata tangi kubwa la plastiki vipande viwili. Kipande kirefu akakijaza maji na perege, kile kifupi akakijaza kokoto na kukiinua juu ya matofali. Pampu ndogo hupandisha maji ya samaki kwenye kokoto, mboga zinakula uchafu uliomo, kisha maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Udongo hakuna. Chainizi na saladi zinaota kwenye mawe matupu. Mwalimu akahamishwa kabla hatujala hata mkia, na baada yake kazi ile ikawa ya wakosefu. Mwingine alifyeka, mwingine alideki, mwingine alilisha samaki.

Nikiri kwamba huku Lushoto si mahali pa perege. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka mpaka kwenye kizingiti cha bweni, perege wanakaa chini ndani ya tangi kama wanafunzi kwenye kipindi cha hesabu: macho wazi, hakuna kinachoingia. Nilikuwa nawatupia chakula na kuwasomea habari za michezo. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri.

Wiki ya pili niliwaua.

Hili nilikuwa sijamwambia mtu. Kokoto zilikuwa zimeota utelezi wa kahawia, zinanuka tope. Mimi nimelelewa na bibi yangu, mzaa mama, ambaye hawezi kulala kama sufuria yake ina masizi. Kwetu kitu chenye utelezi kinasuguliwa, basi. Nikaomba maji ya moto jikoni, nikachukua sabuni ya unga, nikatoa kokoto zote nikazisugua moja moja, nikazisuuza, nikazirudisha zinang'aa. Nikasimama kando nikajipongeza. Nilidhani nimemaliza adhabu kwa heshima kuliko mkosefu yeyote katika historia ya shule.

Siku ya nne samaki walipanda juu, wakawa wanatafuna hewa. Maji yalikuwa meupe, ungeweza kuyanywa. Mpaka wiki inaisha walikuwa wamekufa kumi na tisa. Nikawaambia watu wamekufa kwa baridi, na nikatunga wimbo wa mazishi, na watu wakacheka. Walimu nao wakasema yule mwalimu wa biolojia hakuwa na akili, kaleta samaki wa joto kwenye baridi. Nami nikanyamaza. Yeye alikuwa mbali, na wafu hawasemi.

Baadaye nilikuta daftari lake stoo, chini ya majembe. Ukurasa wa tatu ameandika kwa herufi kubwa: KOKOTO ZISIOSHWE KWA SABUNI. Amepiga mistari miwili. Chini yake ameeleza kwamba ule utelezi ndio nyumba ya bakteria, kwamba mkojo wa samaki una amonia, amonia ni sumu, na bakteria ndio wanaoigeuza iwe chakula cha mmea. Nilikuwa nimebomoa nyumba, nikawaua wenye nyumba, kisha nikaimba wimbo.

Walikuwa wamebaki samaki thelathini na mmoja. Niliwapunguzia chakula, nikawabadilishia maji kidogo kidogo kila siku, nikakaa kusubiri uchafu urudi kama watu wanavyosubiri mvua. Utelezi ulipoanza kurudi nilitaka kuubusu. Mwezi wa adhabu ukaisha, mimi sikuondoka. Watu walidhani nimepata adhabu nyingine, nami nikawaacha wadhani hivyo. Ingekuwa aibu kusema napenda.

Sasa turudi kwenye chokaa. Tuliambiwa wageni wanakuja kutoka wilayani kukagua usafi. Aliyesoma shule za nchi hii anajua: mgeni akija, kitu chochote kisichoweza kukimbia kinapakwa chokaa. Mawe ya njiani, mashina ya miti, matofali ya bustani, mduara wa mlingoti wa bendera. Mwalimu wa zamu wiki hiyo alikuwa madam mmoja wa Tanga mjini, anayevaa masweta mawili na kuutazama ukungu wetu kama mtu aliyemkosea adabu. Anapenda usafi kuliko chakula. Akapita akikagua kazi, akafika kwenye tangi, akasimama.

"Na haya mawe mbona mmeyasahau?"

"Hatujayasahau, madam," nikasema. "Hayo hayapakwi."

"Kwa nini? Yana nini haya? Tazama yalivyo machafu! Mgeni aone hivi?"

Ndipo nikatoa ile hotuba ya wadudu na mkojo, na ndipo kikaja kile kicheko. Mwenye kuishi kwa utani, siku akisema kweli hakuna wa kumdhamini.

Madam hakucheka. "Umemaliza vichekesho?"

"Sijaanza, madam."

Hilo lilitoka lenyewe. Ni ugonjwa. Watu wakacheka tena, na madam akajua kwa hakika kwamba namdhihaki. Akamwambia kiranja wa mazingira, "Paka." Kiranja akachovya brashi.

Nikapanda nikakaa juu ya kokoto.

Nilikaa katikati ya chainizi, na sketi yangu ya shule, na viatu vyangu. Kile kipande cha juu hujaa maji taratibu, kikifika kiwango kinajimwaga chenyewe, halafu kinaanza upya. Nilikuwa najua hivyo kwa akili, sasa nikajua kwa makalio. Maji yalipanda, baridi ya mwezi wa saba yote ikaniingia, kisha yakashuka na mlio kama mtu anayemalizia uji.

"Anaatamia!" mtu akapiga kelele. "Mwacheni kuku wetu anaatamia!"

"Dada, utaangua lini?"

"Utatoa vifaranga au vibua?"

Nami nikawajibu kila mmoja, maana sijui kunyamaza. Nilimwambia huyo wa vibua kwamba nikiangua kitu chenye sura yake nitakirudisha ndani. Lakini maji yalipopanda mara ya tatu nilikuwa natetemeka meno, na vicheko vikaanza kupungua. Kiranja akanisogelea na brashi yake, akasema kwa sauti ya chini, "Toka bwana, mimi nitaadhibiwa."

"Nipake mimi basi."

"Acha utani."

"Sitanii. Nipake."

Akanipaka kiatu. Kimoja. Nikautoa mguu nje haraka ili tone lisidondokee ndani, maana chokaa ikiingia kwenye maji yale inawaua bakteria na ile amonia inakuwa sumu kali zaidi. Madam akaona namna nilivyourusha ule mguu, akanikazia macho, lakini akasema tu, "Kamwiteni mkuu."

Mkuu wa shule ni mtu mpole, na upole wake unatisha kuliko fimbo. Akaja polepole, mikono nyuma.

"Toka."

"Nikitoka watapaka, mkuu?"

"Nimesema toka."

Nikakumbuka adabu. "Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Toka." Akatazama kokoto, akanitazama nilivyolowa. "Kesho njoo na mzazi. Mpaka mzazi afike, hakuna atakayepaka hapa."

Nikatoka.

Mama yangu anafanya kazi mbali, kwa hiyo mzazi ni bibi. Analima kabichi na karoti bondeni, upande wa kwenda Irente. Nilipokwenda kumweleza jioni hiyo, alisema kwa Kishambaa maneno ambayo siyaandiki hapa, maana huenda mkuu akasoma. Kulipokucha akavaa kitenge chake cha kanisani, tukapanda mlima, yeye mbele.

Ofisini niliomba Mungu bibi awe upande wangu. Hakuwa.

"Mwalimu, nisamehe," alisema kabla hata hajakaa vizuri. "Huyu nimemlea mimi. Fimbo yangu ilikuwa nyepesi mno, ndilo kosa langu." Kisha akanigeukia. "Chokaa tu? Hata kanisa letu limepakwa chokaa! Wewe na mawe yako ni watakatifu kuliko kanisa?"

Mkuu akaniuliza, bila kukunja uso, "Umejuaje kwamba watakufa? Usinisomee daftari la mtu. Nakuuliza wewe."

Ningeweza kusema nimesoma tu. Ningetoka pale mtundu yule yule, mwenye madoido. Lakini nilikuwa nimelowa mara tatu kwa ajili ya wale samaki, na nikaona uongo wangu ndio uliobaki kuwaua.

"Nimejua kwa sababu wale wa kwanza niliwaua mimi, mkuu. Niliosha kokoto kwa sabuni. Haikuwa baridi, na haikuwa kosa la mwalimu."

Bibi ndiye aliyewahi kuuliza.

"Wangapi?"

"Kumi na tisa, bibi."

"Ukawapika?"

"Niliwafukia. Kwenye kabichi za shule."

"Samaki kumi na tisa," bibi alisema polepole, "ukawafukia." Naapa hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

Mkuu akaandika kitu. "Kwa hiyo mwalimu wenu tulimsema bure."

"Ndiyo, mkuu."

"Nitamwandikia. Nawe utamwandikia." Akafunika kalamu. "Sasa sikiliza. Umeua mali ya shule, umesema uongo, umemkaidi mwalimu wa zamu mbele ya shule nzima. Wageni ni kesho. Kokoto zile utazipaka wewe, kwa mkono wako, mtu mwingine asiguse. Ukimaliza utaingia darasani."

"Naomba radhi kwa uongo, na kwa kumkatalia madam mbele ya watu, na kwa kukalia mboga," nikasema. "Kupaka sipaki."

Bibi akanifinya chini ya meza, ile ya kusokota.

"Basi darasani huingii."

"Nitakaa kwenye tangi, mkuu."

"Kaa unapotaka."

Bibi kabla ya kuondoka akataka aone hao samaki. Nikampeleka. Akainama, akaangalia ndani muda mrefu.

"Ndio hawa?"

"Ndio."

"Wembamba." Akajifunga kitenge vizuri. "Ukifukuzwa, kabichi zangu zinapaliliwa kila siku. Jembe lako lipo." Akaenda zake bila kugeuka.

Wageni walifika asubuhi iliyofuata, watu watatu, wakiongozwa na mzee mmoja mwenye daftari. Shule ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Katikati ya weupe ule kulikuwa na kokoto za kahawia, na mimi kando yake, na ndoo ya chokaa ambayo madam aliiweka karibu na miguu yangu kama mtego. Mkuu na walimu walikuwa nyuma ya mzee. Akasimama, kama nilivyojua atasimama.

"Haya mbona bado?"

"Yanamaliziwa mchana huu, mzee," madam akawahi.

"Shikamoo," nikasema. "Hayamaliziwi."

Mzee akanigeukia. "Marahaba. Kwa nini hayamaliziwi?"

Nikamweleza yote, utelezi, amonia, sabuni yangu, wale kumi na tisa. Sikuongeza chumvi hata punje. Nilipofika kwenye mkojo wa samaki kugeuka mboga, mzee akaanza kutikisika mabega, kisha akacheka kwa kelele, na wenzake wakacheka, na walimu wakacheka kwa kuwa mgeni amecheka. Hata mkuu meno yalionekana. Safari hii sikutia neno. Nilikuwa naangalia brashi. Walicheka, wakacheka, na hakuna mkono ulioishika.

Mzee akaandika kitu kwenye daftari lake, hakunionyesha. Wakaenda kukagua vyoo.

Ni siku ya tatu sasa niko nje ya darasa. Barua ya mwalimu nimeshaiandika, kurasa mbili, bila utani hata mmoja, na mkono bado unauma. Masomo nanakili kupitia dirisha. Mwenzangu anainua daftari lake nikimkonyeza. Samaki ni thelathini na mmoja. Nawahesabu asubuhi na jioni.

Madam kapita sasa hivi, masweta mawili na skafu juu. Akasimama, akaniuliza nitapaka lini.

"Samaki wakihama, madam."