Mradi wa amani ulivyomfuta Mama Karimi

Wakuu, habari za jioni. Hii sitaiongezea chumvi, kwa sababu hata bila chumvi inachoma.

Kwetu ni Mitunguu. Huku bila maji ya kunyunyizia hakuna ndizi. Pipe ni moja, mashamba yanapokezana kwa zamu. Ukifungua koki ya maji siku isiyo yako, wewe ni mwizi kushinda yule wa kuku.

Mama yangu na jirani yetu Mama Karimi walikuwa hawaongei kwa sababu ya hiyo koki. Kila mmoja alisema mwenzake anafungua zamu isiyo yake. Kanisani walikaa pande tofauti.

Halafu pipe ikapasuka hapo mpakani, na hakuna aliyekubali kuitengeneza na mwenzake. Ndizi za pande zote mbili zikaanza kukunja majani.

Ndipo ule mradi ukaja. Ni turubai refu la kuchorwa, linatembezwa mji hadi mji, na kila mahali watu wanaongeza kipande chao kuhusu amani. Walitafuta mwenyeji nikajitolea, maana tuna banda la kupakia ndizi kando ya barabara. Niliwalaza, nikawapikia. I was proud, msinicheke.

Jumamosi mama akaja kuchora. Mama Karimi naye akaja, akidhani mama hayuko. Sijui ni aibu ya watu ama ni nini, lakini hakuna aliyeondoka.

Walianza kwa kubishana kuhusu rangi ya pipe. Kufikia saa kumi walikuwa wamechora koki moja na mikono miwili juu yake. Wa mama una bangili ya shaba, wa Mama Karimi una kovu la panga. Mtu yeyote wa Mitunguu angeijua hiyo mikono.

Kwetu watu wakipatana hunywa uji kutoka kibuyu kimoja. Wakanywa. Wakakubaliana Jumatatu watatengeneza pipe. Mimi nilienda nyuma ya banda nikalia kidogo, na sioni haya kusema.

Jumapili tulienda kanisa. Kurudi, tukapata coordinator wa ule mradi, kijana mpole sana wa Nairobi, amechora njiwa mweupe.

Unajua alimweka wapi? Juu ya mkono wa Mama Karimi.

Ukabaki mkono wa mama peke yake, na bangili yake, umeshika koki. Wakuu, hata ungetafuta mchoro wa kuanzisha vita hapa kwetu, usingepata unaoshinda huo.

Nikamuuliza kwa nini.

"Boss, pipe haisomeki kama peace," akaniambia. "Dove inaeleweka kila mahali. Hata wafadhili wataielewa."

Sikumpiga. Mpaka leo najiuliza kwa nini.

Mama Karimi alikuwa ameshapita akaona. Hakuuliza mtu. Jumatatu hakuja kwa pipe. Wageni wangu nao walikunja turubai asubuhi hiyo wakaelekea Siakago, mji uliofuata, wakiniachia sticker na "asante kwa hospitality".

Nikaenda kwake kueleza. Alinisikiza akichambua maharagwe, bila kuinua macho.

"Mwambie mama yako nimeelewa," alisema. "Maji ni yake."

Niliporudi na hayo maneno, mama alifunga kitambaa kichwani akaenda mwenyewe mpaka kwa geti la Mama Karimi. Nikamfuata.

"Mimi sikufuta mkono wako," alimwambia. "Kuja twende Siakago umuulize mwenye alifuta. Akisema ni mimi, chukua pipe yote."

Nikawapeleka na pickup ya ndizi.

Turubai lilikuwa limetandikwa karibu na soko. Coordinator akaja mbio akitabasamu. "Shosh, mmekuja kuongeza?"

"Nani alinifuta?" Mama Karimi akauliza.

Akasema ni yeye, tena kwa heshima, akaanza kueleza mambo ya dove. Mzee mmoja wa hapo, mkulima, akamkatiza. "Huku njiwa tunawafukuza kwa shamba za ndengu siku nzima. Huyu nani amempa kiti cha mgeni wa heshima?"

Watu wakacheka. Mama Karimi hakucheka. Alichukua brashi na rangi ya kahawia, akarudisha mkono wake juu ya njiwa, na kovu lake. Mama alimshikia kopo la rangi.

Kesho yake pipe ikatengenezwa. Hakukuwa na mtu wa amani hapo, ni sisi na msumeno na gundi.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Watu wa mradi wameweka picha ya ule mchoro kwa page yao, bawa la njiwa likichungulia chini ya vidole vya Mama Karimi. Caption inasema wanawake wa Mitunguu wamepokea amani waliyoletewa.

Waliyoletewa. Watu waliokuja kwetu, wakala kwetu, wakavunja kilichokuwa kimeshapona, ndio wanatuletea.

Nilichojifunza ni hiki: ukikaribisha watu wa amani, waulize kwanza kama wanajua mnagombania nini. Wakisema hiyo si muhimu, wape chai waende.

Jana nilimsomea Mama Karimi hiyo caption. Akaniuliza, "Kama amani waliileta wao, ile Jumamosi tulikunywa uji wa nani?"

Mwenye jibu amwandikie hapo chini. Nitamsomea.