Majani ya kuombea mapumziko

Juzi, nikipeleka maziwa pale Wajerumani wanapojengesha boma, nilimkuta mwanamke amesimama mbele ya mnyapara, ameshika majani mabichi. Mumewe alikuwa nyuma yake, jiwe begani.

"Mruhusu akapumzike nyumbani," alisema mwanamke.

"Shemeji, huyu haumwi. Hana hata homa."

"Alikuwa akiita ng'ombe wake kwa majina. Siku hizi chakula anakitazama tu, watoto wakimsemesha hajibu. Unataka uniletee maiti?"

Mume alikuwa akitazama chini tu. Hata jiwe hakulitua.

Mnyapara, Mwarusha mwenzetu, akayatazama yale majani. Kwetu anayekuomba kwa majani mkononi humfukuzi, utajitia laana. Akashusha kiboko.

"Bwana mkubwa akiuliza nitamwambia nini? Kwao majani ni ya mbuzi." Halafu akamtua mwenzake lile jiwe. "Nenda, kaka. Ulale mpaka uongee."

Nikasema moyoni, leo atachapwa yeye. Hawajafika mbali, mnyapara akamfuata yule mwanamke, akamwambia polepole: "Shemeji, ukipita kwangu, mwambie mke wangu naye aje na majani. Hata mimi siku hizi chakula nakitazama tu."